Thiago Motta: kaipandisha Bologna au Bologna ndo iliompandisha?

Baraza_Jangombe
Assalamu alaykum wakuu. Naingia moja kwa moja. Mie nasema kocha Thiago Motta kapandishwa na klabu ya Bologna ya Italia, si yeye alieipandisha. Kaichukua Septemba 2022, msimu wa kwanza kamaliza wa 9, msimu wa pili wa 5 na pointi 68, wakaingia Klabu Bingwa Ulaya ambayo hawajaigusa tangu 1964/65, sote tukapiga makofi tukasema mrithi wa Guardiola huyu hapa. Kenda Juventus kiangazi 2024, tarehe 23 Machi 2025 keshatimuliwa, hata msimu haujesha. Na hata kucheza kwake kulikuwa hivohivo, mzaliwa wa Brazil kaishia kuvaa jezi ya Italia kwa kuwa Brazil hawakumtaka. Mtu wa kufika mlangoni huyu, ndani haingii. Anaepinga alete hoja.

Mpemba_wa_Wete
Waalaykum salaam. Uzi mzuri ila katikati umetia chumvi. Hawakumtaka kivipi? Kijana kazaliwa São Bernardo do Campo 1982, ana miaka 17 tu Barcelona washamchukua, 2003 Brazil wakamwita Gold Cup, kombe la Amerika Kaskazini na Kati, ile waliopeleka vijana wa chini ya miaka 23 na akina Kaká. Baada ya hapo ni goti tu yakhe. Msimu wa 2004/05 Barca wanabeba ligi yeye karibu muda wote anauguza. Na pale kwenye kiungo cha ukabaji Brazil wana Gilberto Silva, wana Emerson, ntu ukikaa nje miezi michache jina lako lishafutika ubaoni. Hawakumkataa, walimpita njiani.

Binti_Mkunazini
Naunga mkono Mpemba, na naongeza. Watu wanamwita "mchezaji wa kupewa uraia" kama vile kapanga foleni ubalozini akaomba. Si hivyo. Ukoo wa baba yake ulitoka Polesella, kijiji cha kaskazini mwa Italia, wakahamia Brazil mwanzoni mwa karne ya 20 wakati Wataliana kwa maelfu walikuwa wanapanda meli kwenda kutafuta riziki. Sheria ya Italia wakati ule ilifuata damu, ukionesha makaratasi ya mzee wako wewe ni wao. Na kuna jambo watu hawalijui, timu ya utotoni mwake kule São Paulo inaitwa Juventus, ya mtaa wa Mooca, mtaa uliojaa hao hao wahamiaji wa Kitaliana. Kwa hiyo Utaliana haukuanza pale Italia ilipohitaji kiungo.

Dalali_Darajani
kwa hiyo kaanza Juventus na kafukuzwa Juventus 😂 leo nimejifunza kitu

Ami_Muscat
Binti umenigusa na hilo la damu, naomba niseme kidogo. Mimi niko Oman miaka mingi, asili yangu Mkoani. Huku vijana wetu wamejaa kwenye timu, jina la Kiarabu, pasipoti ya Oman, lakini mama akimwita ndani anaitika kwa Kiswahili na akila anataka ndizi ya nazi. Mtoto wa dada yangu ni winga mzuri mashallah, kule nyumbani wakamuona likizo anacheza mtaani wakasema huyu aje atuchezee. Haya, aje vipi? Sheria yetu ya Tanzania mtu mzima hashiki uraia wa nchi mbili, lazima aiwache pasipoti yake, na akiiwacha kazi ya babaake na maisha yao yote huku yanakuwa mashakani. Basi kabaki huku. Ndio maana mimi Motta simlaumu hata chembe, yeye sheria ilimpa milango miwili, na mmoja ulipofungwa akapita mwingine. Sisi tuna mmoja tu.

Fundi_Mkwerekwe
@Ami_Muscat pole sheikh, na salamu kwa kijana. Ila nyie mnaopenda kusema damu mnisaidie, kama kashacheza na jezi ya Brazil 2003 vipi FIFA wakamruhusu acheze Italia 2011? Si tuliambiwa ukishavaa ushafungwa?

Mwalimu_Chake
Fundi, hilo lina historia. Zamani sheria ilikuwa mwenye uraia wa nchi mbili aliechezea timu za vijana za nchi moja anaweza kuhama mara moja, sharti aombe kabla hajatimiza miaka 21. Juni 2009 mkutano mkuu wa FIFA uliofanyika Nassau, Bahamas, ukaondoa kikomo cha umri. Motta wakati huo ana miaka 26, kijana wa Genoa anaelekea Inter, mlango ukafunguka. Februari 2011 FIFA wakampitisha na siku chache tu kaanza kuchezea Italia pale Dortmund, mechi ya kirafiki na Ujerumani, 1-1. Mwisho wa yote alicheza mechi 30 za Italia na goli moja, alilowafunga Slovenia. Kwa hiyo ni mabadiliko ya sheria, si upendeleo.

Fundi_Mkwerekwe
Mwalimu hapo bado. Hio ni ya timu za vijana. Gold Cup ni mashindano ya wakubwa, Mexico waliocheza nao fainali ile walileta wakubwa wao. Kwa hiyo Brazil ilikuwa timu ya vijana ndani ya kombe la wakubwa. Nani aliamua kuwa hizo mechi hazihesabiki?

Mpemba_wa_Wete
Fundi hilo suali sisi Wazanzibari ndo tungefaa kulijibu kuliko ntu yoyote. Zanzibar Heroes wanaingia Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, kama taifa, wimbo unapigwa, bendera inapepea, 2017 tukafika fainali pale Machakos tukatolewa na Kenya kwa penati baada ya 2-2. Mwaka huo huo Machi CAF walishatupa uanachama na Julai wakatunyang'anya. Sasa nchezaji aliecheza fainali ile kesho anaitwa Taifa Stars na hakuna anaemuuliza, kwa kuwa kwa FIFA ile jezi yetu haina uzito. Feisal Salum kazivaa jezi zote mbili. Nchi unaiona uwanjani kwa macho, kwenye makaratasi haipo. Hivo hivo Brazil ile ya 2003.

Mwalimu_Chake
Mfano wako mzuri ila hauwi sawa sawa. Brazil ni mwanachama wa FIFA, sisi si wanachama. Wao waliamua wenyewe kupeleka vijana, sisi tuliamuliwa.

Baraza_Jangombe
Wakuu mmenipeleka Nassau na Machakos, mie nimeuliza Bologna na Juve. Hoja yangu ya mlangoni haijajibiwa. 2010 Inter ya Mourinho inabeba mataji matatu, fainali ya Klabu Bingwa pale Bernabéu tarehe 22 Mei yeye yuko wapi? Jukwaani. 2012 Italia fainali ya Euro, yeye ndo kawaacha wenzake kumi. Haya kataeni.

Binti_Mkunazini
Hili la 2010 nitalijibu mimi maana mechi ile nimeitazama mara nyingi. Nusu fainali ya marudiano Camp Nou kwa Barcelona, Inter wana 3-1 mkononi kutoka San Siro. Dakika ya 28 hivi, Motta analinda mpira, Busquets anakuja nyuma, Motta ananyoosha mkono kumzuia asisogee, kiganja kinamgusa usoni. Busquets kaanguka kashika uso kama katiwa pilipili machoni. Refa anatoa kadi nyekundu. Halafu kamera ikamsogelea Busquets, pale chini, viganja viko usoni, kafungua upenyo wa vidole anachungulia kama kadi imetoka! Na uwanja ule ndo uliomlea Motta, kakaa hapo tangu ana miaka 17, kaondoka nao na kombe la Ulaya la 2006. Wenzake wakapigana zaidi ya saa nzima wakiwa kumi, wakafungwa moja tu na Piqué, wakapita. Sasa wewe Baraza unamhesabia hilo kuwa ni udhaifu wake?

Baraza_Jangombe
Alikuwa na kadi ya njano tayari Binti. Mwenye njano hanyanyui mkono.

Kipa_wa_Zamani
Na hio ya 2012 Baraza hukuisema vizuri. Fainali Kiev, Julai 1, Spain wanaongoza 2-0. Kocha Prandelli keshatumia sabu mbili, ya tatu anamuingiza Motta kipindi cha pili kumtoa Montolivo. Hakumaliza hata dakika tano, nyama za paja zikamkatika, katolewa kwa machela. Sabu zimekwisha. Italia wakamaliza kumi, wakala nne. Kosa la nani, la mwenye paja au la kocha aliemaliza sabu zote mapema dhidi ya timu inayokukimbiza namna ile? Mie nilikuwa kipa, najua unavyojihisi nyuma ukiona mwenzio anatoka na hakuna wa kuingia, goli unaliona pana.

Kahawa_Chungu
salamu wote. mie nataka kujua lile jambo la 2-7-2, kuna siku nlisoma akiwa kocha wa vijana wa PSG kasema atacheza 2-7-2 watu wakamcheka dunia nzima, mabeki wawili tu na viungo saba??

Kocha_Mdogo_Konde
Kahawa afadhali umeuliza, maana hapo ndo alipoonewa kuliko hata Juve. Ilikuwa Novemba 2018, mahojiano na Gazzetta dello Sport, anafundisha chini ya miaka 19 wa PSG. Watu wakasoma kama tunavyosoma 4-3-3, kutoka golini kwenda mbele. Yeye anauhesabu uwanja kwa ubavu. Chukua karatasi uchore 4-3-3 yako ya kawaida na kipa umtie. Sasa igeuze karatasi ilale upande. Anza kulia: beki wa kulia na winga wa kulia, hao 2. Katikati: kipa, mabeki wa kati wawili, viungo watatu, straika, hao 7. Kushoto: beki na winga, 2. Jumla 11. Hajaongeza wala hajapunguza mtu. Ila kumtia kipa kwenye hesabu kuna maana, kwake kipa ndie wa kwanza kuanzisha shambulizi na straika ndie wa kwanza kukaba, mpira upite kati. Mimi vijana wangu nimewachorea hivi kwenye mchanga na wameelewa haraka kuliko ninavyowaambia "kaeni nafasi zenu".

Kahawa_Chungu
ahaaa kumbe. ahsante kocha

Dalali_Darajani
Sawa amechora vizuri, lakini Genoa walimtimua Desemba 2019, miezi miwili tu! Mchoro haukusaidia

Kocha_Mdogo_Konde
Dalali unaijua mechi yake ya kwanza pale? Wako nyuma nyumbani na Brescia, kaingiza watu watatu, Agudelo, Kouamé na Pandev, wote watatu wakafunga, 3-1. Baadae mambo yakaharibika, kweli. Lakini angalia Spezia 2021/22, timu ndogo, na FIFA wamewafungia usajili kwa kesi ya watoto waliowaleta kutoka Nigeria. Desemba wote wanasema leo anafukuzwa, kaenda Napoli kashinda 1-0 kwa goli la kujifunga la Juan Jesus. Januari kaenda San Siro kawafunga Milan 2-1. Kawabakisha ligi kuu wa 16. Huko nako kapandishwa na nani?

Baraza_Jangombe
Kushinda kwa goli la kujifunga nako unakuita ukocha? Haya tuje Juve. Wamenunua Koopmeiners, Douglas Luiz, Thuram mdogo, Nico González, pesa imemwagwa. Ligi hajafungwa mechi 21 za mwanzo, vizuri, lakini sare 13! Kafungwa mara ya kwanza na Napoli mwisho wa Januari, kisha likaporomoka lote. Februari katolewa Klabu Bingwa na PSV, wiki moja mbele katolewa Kombe la Italia na Empoli kwa penati, nyumbani. Machi 9 kala nne bila na Atalanta nyumbani, Machi 16 kala tatu bila Fiorentina. Siku anafukuzwa Bologna, timu alioiacha, wako juu yake kwenye msimamo. Hilo tu linanitosha.

Mpemba_wa_Wete
Mbona Bremer humtaji? Beki bora wa ligi, Oktoba kule Leipzig goti limekwenda, msimu umekwisha. Cabal nae Novemba goti. Wawili nyuma. Timu ya Motta inaanza kujenga kutoka nyuma, ukimvunjia nyuma umemvunjia nyumba. Na mbona husemi Desemba kawafunga Man City 2-0?

Dalali_Darajani
City ya Desemba ile kila mtu alikuwa anaifunga bwana

Ila mie nina jibu jengine, si Motta wala Juve. Ni Giovanni Sartori. Mkurugenzi wa ufundi aliekwenda Bologna 2022 akitokea Atalanta, huyo ndie aliewatafuta akina Zirkzee na Ferguson. Kaondoka Motta, kaondoka Zirkzee kwenda United, kaondoka Calafiori kwenda Arsenal, kaja kocha Italiano, na Mei 2025 Bologna wakabeba Kombe la Italia kwa kuwafunga Milan 1-0, kombe kubwa la kwanza tangu 1974. Kwa hiyo timu ilikuwa imejengeka. Kocha alieondoka hakuondoka na kitu.

Kocha_Mdogo_Konde
Sartori alimnunua Calafiori kutoka Basel kama beki wa kushoto. Nani alimtia kati? Nani alimwambia akiwa beki wa kati apande na mpira mpaka kiungo, viungo wazibe nyuma yake? Msimu mmoja tu kijana kaanza Euro 2024 na Italia pale kati. Mkurugenzi ananunua mtu, pa kumuweka anajua kocha.

Kipa_wa_Zamani
Nyote mnazunguka, mie naona kitambaa cha unahodha. Juve alikuta nahodha Danilo, Mbrazili mwenzake, mtu mzima anaeheshimiwa. Motta hakutaka nahodha mmoja, kitambaa leo kwa huyu kesho kwa yule, Gatti, Locatelli, McKennie. Januari Danilo kavunjiwa mkataba kenda Flamengo. Kabla msimu haujaanza Szczęsny na Chiesa washaambiwa watafute pa kwenda. Nitawapa kisa changu. Kuna timu niliichezea hapa Unguja, siitaji, kocha mpya alikuja kijana ana akili, mazoezi yake mazuri mno, akamvua unahodha mkubwa wetu mbele ya watu ili "kila mtu ajihisi kiongozi". Mechi iliofuata tumefungwa goli la mapema, tunatazamana, hakuna wa kusema. Mkubwa yupo ila kanyamaza kwa kuwa si kazi yake tena. Tarehe 9 Machi Juve walipofungwa la pili na Atalanta niliziona nyuso zilezile. Watu wanasema mbinu, mie nasema hakuna aliekuwa na haki ya kupiga kelele.

Binti_Mkunazini
Lakini Bologna nako alibadilisha manahodha na hakuna aliesema kitu.

Kipa_wa_Zamani
Bologna walikuwa wanashinda. Na Bologna nako wachezaji walikuwa wametoka kumuuguza Mihajlović, Mungu amhurumie, walishafundishwa kusimama wenyewe na maradhi ya kocha wao. Juve hawakuwa hivyo.

Ami_Muscat
Naomba mnisikilize na langu, si lazima mkubali. Italia haijawahi kuwapokea hawa waliozaliwa nje kwa moyo mmoja. Luis Monti kacheza fainali ya Kombe la Dunia 1930 na Argentina na ya 1934 na Italia, kombe wakalipokea kwa furaha. 2006 Camoranesi kawapa jengine. Lakini ikija siku ya kulaumiwa unarejeshwa ulikotoka. Euro 2016 kocha Conte kampa Motta jezi namba 10, mukasikia kelele! Wanasema ya Baggio na Totti leo anavaa Mbrazili mkabaji. Mancini nae 2015 alisema wazi kuwa timu ya taifa ni ya Wataliana waliozaliwa huko. 2023 Mancini huyohuyo, sasa kocha wa Italia, kakosa straika, kamwita nani? Retegui, mzaliwa wa Argentina, kwa babu yake. Na siku Juve wanakula nne, la kwanza kafunga Retegui kwa penati. Kwenye benchi la Atalanta yupo Gasperini, aliemfufua Motta pale Genoa 2008 baada ya Atlético kumuwacha na magoti yake. Mwalimu wake ndie alieanza kumuondoa. Na magazeti hayakumstahamilia kama wanavyowastahamilia wa kwao.

Mwalimu_Chake
Ami, Juventus walimfukuza Sarri baada ya kubeba ubingwa 2020 na yeye ni Mtaliana wa Napoli. Pirlo msimu mmoja tu. Pale hawachagui damu.

Ami_Muscat
Sarri alipewa msimu mzima, Mwalimu. Huyu miezi tisa.

Fundi_Mkwerekwe
Hapo mie niko kati yenu. Ila wa kupewa uraia akakubalika mpaka kuwa kocha wapo. Kubala mzaliwa wa Budapest, kakimbilia Spain, kaichezea, kisha kaifundisha timu ya taifa ya Spain kuanzia 1969 mpaka 1980. Di Stéfano, mzaliwa wa Argentina, akiwa kocha kawapa Valencia ubingwa wa Spain 1971. Nyumbani sasa, Kibu Denis kapewa uraia 2021 leo watu wanamshangilia kama wa kwao, na wale watatu wa klabu ya Singida Black Stars waliopewa uraia Januari 2025, wa Ghana, Ivory Coast na Guinea, kelele mpaka leo. Tofauti nini? Kibu kakulia nchini, watu walimuona. Siku mmoja wa hao watatu akitaka kuifundisha Taifa Stars ndo tutajua tumemkubali au tulimuazima.

Kahawa_Chungu
na Ami mtoto wa dadaako hapati huo uraia, wao wanapata? hilo linauma

Ami_Muscat
Linauma ndugu yangu. Ila sitaki kuwabebesha wao, na wao wametafuta riziki.

Baraza_Jangombe
Mmesema mengi na mimi sijahama. Kocha_Mdogo nakupa Calafiori, Spezia sikupi. Kipa la kitambaa linanishughulisha, kwa kuwa Arsenal nako Ødegaard alikuwa bado kijana alipopewa unahodha na mambo yakaenda. Nijibu hilo kwanza.

Kipa_wa_Zamani
Ødegaard alipewa mmoja na akawachiwa. Mie sikusema kijana, nilisema kitambaa kisitembee. Nakwenda Amaan saa hizi, nikirudi nataka uniambie sare 13 zile ni ngapi Juve walianza kuongoza wakarejeshewa mwishoni, na nani alikuwa nahodha siku hizo. Uzitafute moja moja.

Dalali_Darajani
nimeshaanza na 2-2 ya Fiorentina nyumbani, Fiorentina wamesawazisha dakika za mwisho. kitambaa naangalia